Sukari Imezidi, Sukari Haitoshi

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili si langu. Madam Lin alilinunua jana, akaliweka juu ya meza ya kukatia nyama, akaniambia niandike humu hali ya mchuzi kila siku kabla ya kufunga. Mstari mmoja unatosha, alisema. Mwanamke amefanya kazi nami miaka kumi na moja na bado anaamini naweza kusema jambo kwa mstari mmoja.

Ameondoka na ndege ya asubuhi kwenda kwao Tainan, kusini mwa Taiwan. Mamake amepooza upande mmoja. Atarudi tarehe 24 Mei, mvua ikiwa imekwisha.

Mchuzi wenyewe, kwa yeyote atakayeliokota daftari hili nikiwa nimeshafutwa kazi, ni ule tunaochemshia nyama ya nguruwe ya kuweka juu ya wali. Madam aliuanzisha siku tuliyofungua mkahawa hapa Hurlingham, Nairobi, na haujamwagwa hata mara moja tangu hapo. Jioni tunauchuja, tunauchemsha, tunaupoza, tunauweka kwenye friji. Asubuhi tunauongezea maji, sosi ya soya, vitunguu vya kukaanga, vipande vitatu vya sukari ya mawe na nyama mpya. Kwa hiyo kijiko cha leo kina tone la miaka kumi na moja ndani yake. Jumapili hatufungui, lakini Madam huja peke yake kuuchemsha, halafu anarudi nyumbani, kama mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa.

Masharti ni haya. Akirudi aukute ule ule, jiko litakuwa langu, naye atakaa nusu ya kila mwaka na mamake. Asipoukuta, anafunga. "Siwezi kuwa na wagonjwa wawili kwa nchi mbili, Mbuthia," aliniambia, mkoba ukiwa begani.

Nina miaka hamsini na mitatu. Nilijifunza kupika katika shule ya bweni, nikiwakorogea wavulana mia saba githeri ya mahindi na maharagwe kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Hebu ona alivyochagua muuguzi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Mchuzi uko sawa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mchuzi uko sawa. Hata mimi nashangaa ninavyoweza.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ni siku ya Meza ya Dirishani. Kila Alhamisi saa saba wanakuja watu watatu waliowahi kuishi Taiwan, wanakula kitu kile kile, na wanagombana kuhusu kitu kile kile.

Holger ni Mjerumani, mrefu kama nguzo ya stima, alikaa Taipei miaka tisa. Kwake hakuna chakula duniani kama cha Taiwan, mradi kimepikwa Taipei. Wali wetu, anasema, ni pudini iliyotiwa nyama. Denise ni Mkanada, mwalimu katika shule moja Lavington, na alifundisha Tainan miaka sita. Kwake chakula cha Taiwan kinasifiwa kupita kiasi, nusu yake ni mafuta ya vibanda vya usiku. Kule Tainan tu ndiko wanakojua, kwa sababu hawaogopi sukari. Wetu hauna sukari ya kutosha. Wa tatu ni Jaswant, mtu wa hapa hapa, wa duka la vipuri, aliyekaa Taichung miaka minne akinunua mashine. Yeye alikuwa mgeni kule kama hawa walivyo wageni huku. Anasema chakula cha Taiwan ni kizuri ila kisiwa kizima kimenyimwa pilipili, kwa hiyo anakuja na chupa yake kwenye mfuko wa koti. Mteja mwema sana, Jaswant. Hajawahi kuniomba nibadilishe kitu.

Madam alikuwa na mtindo wake. Alisimama kando ya meza, mikono mgongoni, akasikiliza yote, akasema asante, akarudi jikoni. Huko hakubadilisha kitu. Siku zote nilidhani ni ukaidi.

Leo nilisimama mimi. Nikasikiliza, nikasema asante, nikarudi jikoni.

Denise alipoondoka alinunua mchuzi mtupu, mikebe miwili ya plastiki, kama afanyavyo kila Alhamisi. Ivyne, mhudumu wetu, anasema lazima ni wa mbwa. Mtu hawezi kuutukana mchuzi hivyo kisha aunywe.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka Kinoo kwenye mvua kuja kuuchemsha. Waceke, mke wangu, ameniuliza kama huo mchuzi umebatizwa, maana naonekana nauwahi kuliko ibada. Mchuzi uko sawa.

Alhamisi, 20 Machi

Holger ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wageni wa Nairobi. Ivyne alinisomea akiwa amegeuza uso upande: tangu mwenyewe asafiri, mpishi anamwaga sukari kama anapikia harusi.

Vipande vitatu. Ni vitatu vile vile, nimevihesabu tangu mwaka tuliofungua. Nilimwambia Ivyne kwamba mimi ni mtu mzima na maneno ya simu hayanigusi. Akanitazama. Nilikuwa nimejikata kidole.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Madam amepiga simu. Mamake amefungua macho lakini hasemi. Nikamwambia mchuzi uko sawa, wateja wako sawa, mimi niko sawa. Mawili kati ya hayo ni kweli.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeweka vipande viwili badala ya vitatu. Nimeandika kwa sababu niliahidi kuandika.

Holger alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesogezewa kiti lakini bado hajakaa. Denise akaweka kijiko chini akauliza kama sukari imepanda bei huku Kenya.

Alhamisi, 3 Aprili

Vipande vinne, kwa ajili ya Denise. Holger akala vijiko viwili, akasukuma bakuli katikati ya meza kama ushahidi mahakamani. Akaanza kusema kwa sauti, Denise naye akajibu kwa sauti, mara Taipei hawajui kupika, mara Tainan wameoza meno, na mama mmoja aliyekuwa meza ya pili na watoto wake akaomba wafungiwe chakula waende nacho. Jaswant alikuwa ananyunyizia pilipili yake tu. Akaniambia pembeni, "Mzee Mbuthia, hawa wawili usijaribu kuwapatanisha. Kila mmoja anakula mtaa wake."

Nilicheka. Labda nimsikilize.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Vipande viwili. Mchuzi uko sawa, nadhani.

Alhamisi, 10 Aprili

Holger amekuja na marafiki wanne ambao hawajawahi kuiona Taiwan hata kwenye ramani. Wote wanne wakasema ni tamu mno. Bila shaka aliwaambia waseme nini tangu kwenye gari. Meza nyingine zilikuwa tupu. Odhiambo, mlinzi wetu, amefungua mlango mara sita tu leo, na mara mbili ilikuwa mimi nikienda kutazama mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Holger amesema Alhamisi ijayo ni ya mwisho kwake kama mchuzi hautarudi kuwa chakula. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikutukana unaweza kumtukana moyoni. Akikuonea huruma unafanyaje?

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho ni Pasaka. Tunafunga hadi Jumanne.

Nimepata dawa. Kule shuleni, mchuzi ukizidi chumvi tulitumbukiza viazi, vikafyonza, tukavitoa. Kwetu kiazi hakijawahi kumuangusha mtu. Kama kinafyonza chumvi, sukari itakishinda nini? Nimemenya vinane, nikavikata vipande viwili viwili, nikavichemsha ndani ya mchuzi mpaka vikalainika. Nimeviacha humo vilale usiku mmoja, vifanye kazi. Kesho baada ya ibada nitakuja kuvitoa na kuuchemsha.

Ivyne aliuliza kama Madam huweka viazi. Nikamwambia kuna mambo Madam hajui.

Jumapili, 20 Aprili

Barabara ya kutoka Kinoo imejaa maji hadi magotini. Stima zimepotea tangu alfajiri. Waceke ameniambia hata Yesu leo hakuharakishwa, nikae. Nikakaa. Nilimtumia Madam ujumbe: mchuzi uko sawa.

Jumatatu, 21 Aprili

Maji bado. Nilipiga simu kwa Odhiambo; Hurlingham nako hakuna stima. Nikamwambia asifungue friji, ibaki na baridi yake. Ujumbe kwa Madam: mchuzi uko sawa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilifungua friji na nikajua kabla ya kufunua sufuria.

Ulikuwa na povu. Povu jeupe, dogo dogo, lenye kupumua. Viazi vilikuwa vimeyeyuka, vimekuwa uji, na ule weusi mzuri unaong'aa ulikuwa umegeuka rangi ya maji ya mtaro. Niliutia kijiko nikaonja, kwa sababu mtu hata akijua hupenda kuhakikisha. Mchachu. Kama uji wa siku tatu.

Niliuwashia moto. Nikauchemsha, nikautoa povu, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchemsha tena. Ukabaki mchachu, sasa ukiwa wa moto. Ivyne alifika saa mbili akanikuta nimesimama na mwiko. Alichukua kijiko, akaonja, akakiweka kwenye sinki polepole.

"Shefu," akasema, "hiyo ni ya kumwaga."

Nilimwambia atoke nje kidogo. Sikutaka mtu aone. Sufuria ile ina mishikio miwili na Madam hunisaidia kuinyanyua siku zote. Leo niliinyanyua peke yangu. Miaka kumi na moja haichukui hata dakika moja kushuka kwenye sinki. Nilifikiri juu ya siku ya kwanza, Madam akiwa bado hajui neno la Kiswahili ila "pole pole", akinionyesha kwa vidole: vitatu. Vitatu, Mbuthia. Na mimi kwa mwezi mmoja nimeweka viwili, nikaweka vinne, nikaweka viazi.

Nimepika mpya. Soya, vitunguu, vipande vitatu. Una rangi. Una harufu. Ni kama picha ya mtu.

Saa mbili za usiku, simu mkononi. Nimeandika: mchuzi uko sawa. Nimetuma.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Holger alionja, akafumba macho, akasema, "Hatimaye." Akala bakuli zima akaomba la pili. Akanishika mkono. Sijawahi kusifiwa hivyo na mteja, na kila neno lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Denise alionja mara moja. Nikasubiri aseme sukari haitoshi. Niliomba aseme. Hakusema kitu. Alifuta mdomo, akaweka pesa mezani, akachukua mwavuli akaondoka. Kwa mara ya kwanza hakubeba mikebe yake.

Jaswant akanigeukia. "Mzee," akasema, "huyu amekasirika kweli sasa. Amenyamaza."

Ijumaa, 25 Aprili

Ujumbe wa Madam asubuhi: mamake ameanza kusema, na neno la kwanza alilosema ni jina la wali wetu wa nguruwe. Madam anarudi Jumanne, tarehe 29, si mwezi ujao. Anataka kuona mchuzi, aamue, apange safari nyingine.

Siku nne.

Nilimwambia Ivyne yote, pamoja na kwamba alikuwa ameshayajua yote. Tukakaa jikoni kama watu wa matanga. Halafu akasema, polepole, kama anayejaribu maji kwa mguu, "Shefu. Na ile ya mbwa?"

Jumamosi, 26 Aprili

Ivyne aliipata namba ya nyumba ya Denise kwenye kitabu cha oda. Kileleshwa, jengo la ghorofa saba, lifti haifanyi kazi kwa sababu ya stima. Ghorofa ya sita. Nilipofika juu nilikuwa mtu wa kuhurumiwa hata kabla sijafungua mdomo.

Alinifungulia dada wa nyumba, anaitwa Wahu. Nikamuuliza kwanza, kwa lugha ya kwetu, kama madam wake ana mbwa.

"Mbwa gani, baba," akasema. "Huyu hata paka anaogopa."

Denise alikuja kutoka ndani. Anazungumza Kiswahili cha kusomea, kilichopigwa pasi, kizuri kuliko changu. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwenye zulia lake na viatu vya matope: vipande viwili, vinne, viazi, povu, sinki, na ujumbe niliokuwa nikituma kila jioni. Nikamwambia nilikuwa natafuta kuwaridhisha wote, yeye na Holger.

"Nani alikuambia unisikilize?" aliuliza.

Nikasema alilalamika kila Alhamisi kwa miaka saba.

"Nililalamika kwa Lin," akasema. "Lin hanisikilizi. Ndiyo sababu narudi."

Akanipeleka jikoni akafungua friza. Mikebe. Niliihesabu kumi na minne. Kila mmoja ulikuwa na karatasi iliyobandikwa, tarehe na alama juu ya kumi, kwa mwandiko wa mwalimu. Kumi na tatu Machi: nne. Sita Machi: tano. Ishirini na saba Februari: mbili. Hakuna hata mmoja uliopita sita. Wahu akasema kwamba haruhusiwi kuigusa hata kuipangusa, na kwamba madam hupika yai ndani yake Jumapili, peke yake, redio ikiwa imezimwa.

"Chukua ya kabla ya Lin kuondoka," Denise akasema. "Iko kumi na miwili. Hiyo uliyopika peke yako niachie, hiyo ya Machi kumi na tatu. Ina nne ya haki. Ya baada ya hapo sikuitunza." Kisha akasimama mbele ya friza, hakuitoa. "Lakini utamwambia."

Nikasema nitamwambia.

"Usiponiahidi vizuri nitamwambia mimi, na mimi nitamwambia vibaya."

Stima hazikuwa zimerudi tangu asubuhi, na mikebe ilikuwa imeanza kutoa jasho. Wahu aliifunga kwa blanketi la mtoto wa jirani. Nilishuka ghorofa sita nikiikumbatia, boda boda akaniuliza kama ni mtoto, nikamwambia aende taratibu sana.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekuja jikoni baada ya ibada. Nimeichemsha yote kumi na miwili, nikaijaza maji na soya na nyama. Vipande vitatu. Nilionja nikakaa chini kwenye gunia la mchele.

Sikutuma ujumbe wowote leo. Nilishindwa kuandika yale maneno tena, hata sasa ambapo ni kweli.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Nimeuchemsha mara mbili bila sababu.

Jumanne, 29 Aprili

Amekonda. Aliingia jikoni kabla hata ya kuvua koti la safari, akafunua sufuria, akanusa, akaonja, akafunga macho. Ivyne alikuwa anapangusa glasi moja tangu saa tatu.

"Sawa," akasema Madam. "Uko sawa." Akacheka kidogo. Akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hajawahi kufanya.

Ningenyamaza hapo. Nakiri humu kwamba nilihesabu: Denise hatasema kama nikimwomba, Ivyne hatasema, na mchuzi ulikuwa wa kweli. Jiko lilikuwa langu tayari. Ila Madam akanyoosha mkono wa pili akauliza, "Daftari?"

Nilimpa. Nikamwambia, "Madam, soma kuanzia Machi ishirini na saba. Ukifika Aprili ishirini na mbili niite, niwe nimesimama hapa."

Kiswahili chake cha kusoma ni cha kidole. Alikaa meza ya dirishani, akapita mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Aliniita mara moja kuuliza maana ya "maji ya mtaro". Nikamwambia. Akarudi kusoma. Chakula cha mchana kilipita, watu wawili wakala, wakalipa, wakaenda. Mimi nilikaa jikoni nikakata vitunguu vya wiki nzima.

Saa tisa aliingia. Aliuliza mikebe iko wapi. Tulikuwa tumeiosha, lakini karatasi nilikuwa nimezitunza. Akazipanga juu ya meza ya kukatia nyama, tano, sita, nne, tano. Akaishika ile ya Februari ishirini na saba, yenye mbili.

"Siku hiyo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Denise," akasema. "Nilipika mimi, pole pole, kutoka asubuhi." Akaitazama tena. "Mbili."

Aliitia mfukoni. Kisha akasema nilimdanganya wiki nzima, nikasema ndiyo. Akasema aliniacha na mchuzi, hakuniacha na wateja, nikasema ndiyo. Akachukua mkebe mmoja mtupu, akaujaza kutoka kwenye sufuria, akaukaza kifuniko, akanipa.

"Nyumbani," akasema. "Friza ya Waceke. Kila Jumamosi unabadilisha. Mimi naenda Tainan Julai, miezi sita."

Nilipofungua daftari jioni hii niandike, niliona ameandika chini ya ukurasa wa tarehe ishirini na mbili, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa za mtu anayejifunza: VIAZI HAPANA.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua imepungua. Waceke ameuweka mkebe kwenye friza kati ya njegere na kuku wa shemeji, na amesema ukimwagika juu ya kuku wake tutakula nje sote watatu, mimi, yeye na Taiwan.

Meza ya Dirishani ilikuwa imejaa. Madam alikuwa kwenye kaunta, amegeuza mgongo, anajifanya anapanga vijiti vya kulia. Holger alionja, akaweka kijiko chini kama mtu aliyesalitiwa: sukari imerudi, imezidi, alidhani tumekwisha kuelewana. Denise akaonja. Akasema haitoshi, na haijawahi kutosha, na angependa mikebe miwili ya kwenda nayo. Jaswant akatoa chupa yake.

Nilisimama kando ya meza, mikono mgongoni, nikawasikiliza hadi wakamaliza. Nikasema asante.

Nikarudi jikoni, nikafunika sufuria.